Gari limeshikwa kwa sababu ya pombe: jinsi ya kulitoa bila kuliwa hela mara mbili

Mtu akinipigia usiku kwamba flani kakamatwa anaendesha huku kalewa na gari limevutwa, namwambia kwanza atenganishe, maana mtu ana kesi yake na gari lina kesi yake. Kesi ya mtu itaenda kwa mwendo wa mahakama, leo imeahirishwa kesho imeahirishwa, we huwezi kuikimbiza. Gari likilala linakula hela. Kila siku linayokaa yadi kuna ada yake, na familia nyingi zinasubiri mhusika atoke kwanza, aoge, alale, kikao kikae, watu wamseme weee mpaka wachoke, ndo mtu mmoja anakumbuka kuuliza, hivi gari liko wapi? Muda wote huo bili inapanda.

Haya nayajua kwa sababu gari lilikuwa langu, ila aliyekuwa kwenye usukani ni mdogo wangu. Yeye alilala ndani, mimi nikabaki na kazi ya kulifuata gari, na tangu hapo ukoo mzima wamenifanya mtaalamu, yaani yeyote mwenye shida ya aina hii analetwa kwangu kama vile nina ofisi.

Kabla hujatoka nyumbani piga simu kituo alichokamatiwa uulize vitu vitatu tu: gari liko wapi, nani analishikilia, na kwa sababu gani. Hiyo ya tatu ndo watu wanairuka na ndo inayoamua kila kitu. Kuna gari limevutwa kwa sababu tu dereva kakamatwa na haliwezi kuachwa katikati ya barabara, hilo ni jepesi, ukiwa na karatasi zako na hela unalitoa. Kuna gari ambalo sheria inataka lishikiliwe muda flani kama adhabu, hasa dereva akiwa si mara yake ya kwanza au alishafungiwa leseni, na sehemu nyingine mtu akirudia rudia linataifishwa kabisa. Halafu kuna lile la ajali, mtu kaumia au kafa, hilo sasa ni kielelezo, hata uje na gunia la hela hulitoi mpaka mpelelezi amalize kulikagua na aandike kwamba halihitajiki tena. Kama ni hilo usihangaike na watu wa yadi, mtafute mpelelezi mwenyewe, na umwombe kwa maandishi uambiwe zile siku za ushahidi nani anazilipia, maana kwenye hizo siku kuna nafasi ya kubishana, na asiye na maandishi habishani na mtu.

Pia chukua namba ya tukio. Bila hiyo namba kila dirisha utakaloenda utaanza hadithi upya.

Hapo utaulizia kwa nini usilichukue usiku huohuo. Mara nyingi hawakupi, na sababu yake ina mantiki. Mwaka 2000 huko New Jersey, Marekani, dereva mmoja alikamatwa kwa ulevi, rafiki yake akaja kumchukua kituoni akamrudisha kwenye gari lake, jamaa akaendesha tena akamgonga na kumuua afisa kijana wa jeshi la majini aliyeitwa John Elliott. Mwaka uliofuata, 2001, jimbo likatunga sheria inayobeba jina lake, gari linashikiliwa masaa 12 tangu mtu akamatwe. Lakini angalia, sheria hiyohiyo inaruhusu gari kutoka mapema kama mwenye gari siye aliyekamatwa na ametimiza masharti. Kwa hiyo popote ulipo, kama gari ni lako na we hukuwa ndani yake, sema hivyo mapema kabisa, sema "mimi ndo mmiliki, sikuwa naendesha", usikae kimya kwenye foleni ukidhani watajua wenyewe.

Sasa karatasi, na hapa ndo watu wanalia. Watataka kitambulisho, kadi ya gari yenye jina lako, bima ambayo haijaisha, na leseni ya mtu atakayeliendesha kutoka pale. Vitu vya kawaida, sawa, ila kadi na bima ya watu wengi viko wapi? Viko ndani ya gari! Kwenye dashibodi, chini ya leso na risiti za mafuta. Unaambiwa huwezi kuingia yadi bila kadi, na kadi iko yadi. Mimi nilizungushwa hivyo, wa dirishani ananiambia nirudi kituoni, wa kituoni ananirudisha dirishani, mpaka mzee mmoja aliyekuwa anapanga mafaili akaniuliza, "binti, umeomba kuingia kuchukua mali binafsi?" Kumbe sehemu nyingi wanaruhusu mwenye gari aingie na mlinzi achukue vitu vyake, dawa, simu, kiti cha mtoto, na makaratasi, hata kama gari lenyewe bado halijaachiliwa. Ila lazima uombe kwa jina hilohilo, mali binafsi. Ukisema tu "naomba niingie nilione gari" utaambiwa haiwezekani. Na kama bima imeisha, likatie bima kwanza kabla hujaenda, unaweza kukatia gari likiwa hukohuko yadi, sema tu ukweli kwa wakala kuhusu lilipo.

Gari likiwa la huyohuyo aliyeko ndani, inatakiwa barua ya ruhusa. Aiandike na kusaini mbele ya askari akiwa bado mahabusu, itaje jina lako kamili, namba ya kitambulisho chako, namba ya gari na namba ya chesisi, na uambatanishe kopi ya kitambulisho chake. Yadi nyingine wanataka imepigwa muhuri wa wakili, ulizia kwenye simu ile ya kwanza. Kama gari bado lina mkopo, kuna mahali watataka na karatasi kutoka kwa aliyekopesha, na kama ni la kukodi au la kazini usijaribu kulitoa we mwenyewe, waambie wenye gari haraka walitoe wenyewe, watakuja kumdai mhusika baadaye lakini angalau siku hazitaongezeka kwa uzembe.

Kuhusu nani aendeshe. Si aliyekamatwa, hata kama ameachiwa asubuhi na anasema yuko fiti. Pombe haiharakishwi na kahawa wala maji ya baridi wala kutapika, ini linaiondoa kwa mwendo wake, wastani wa kama 0.015 kwa saa kwenye kile kipimo cha asilimia ya pombe ndani ya damu, ambacho majimbo mengi ya Marekani yanaweka mwisho 0.08. Piga hesabu, mtu aliyefika 0.16 saa nane usiku anahitaji masaa zaidi ya 10 iishe kabisa, yaani saa nne asubuhi bado anayo mwilini, na we unataka umkabidhi funguo mbele ya askari? Isitoshe leseni yake huenda imeshachukuliwa palepale. Mwache nyumbani. Akija atanuka, ataanza kubishana na wa dirishani kwamba alionewa, na maneno yote hayo yanaweza kwenda kuwa ushahidi kwenye kesi yake. Hata we mwenyewe usijieleze sana, ukiulizwa alikunywa wapi na nani, sema umekuja kuchukua gari. Basi.

Malipo yanakuwa ya aina tatu na kila moja ina mlango wake: ya kulivuta, ya kulilaza, na ya kuliachilia ambayo mara nyingi inalipwa kituoni au halmashauri na si yadi. Anza na kituoni upate kibali, ndo uende yadi, ukianza yadi utarudishwa. Uliza siku inahesabiwaje, kuna wanaohesabu masaa 24 na kuna wanaohesabu tarehe, ukichelewa mpaka usiku wa manane umeshaingia siku nyingine. Uliza na wikiendi, maana dirisha linafungwa ila ada haifungwi. Na kama unaona umevutiwa gari kimakosa au bili haieleweki, usiligomee gari, unajiumiza mwenyewe, lipa ulitoe halafu udai, ila risiti iandike kila kitu mstari kwa mstari, na juu yake wewe andika kwamba unalipa huku unapinga. Vishoka wa getini wapite kama huwaoni, yule anayekwambia ana mtu ndani hana mtu ndani.

Haya, umefika kwenye gari. Usiwashe. Hapa ndo nilikaa muda mrefu kuliko pote na sijutii. Kijana wa yadi kanipa ubao wenye fomu na kalamu iliyofungwa kwa uzi, kidole chake kiko tayari pale chini, "dada saini hapa tu tumalize". Nikasoma, imeandikwa nimepokea gari likiwa katika hali nzuri na sina madai. Nikamwambia ngoja kaka yangu, hali nzuri nitaijuaje sijaliona? Nikalizunguka na tochi ya simu mchana kweupe, watu wananicheka, nikapiga picha kila upande, rimu zote, chini ya bampa ya mbele walipofunga mnyororo, na pale kulikuwa na mchubuko mpya unaong'aa, vumbi lote la gari limetulia isipokuwa hapo. Buti nikafungua, spea ipo, jaki hakuna. Nikaomba ile orodha waliyoandika siku gari linaingia, na kwenye orodha jaki lilikuwepo! Kijana akanuna ila nikaandika kwa mkono juu ya sehemu ya saini, jaki halipo, bampa imechubuka, na tarehe, ndo nikasaini, nikapiga picha na hiyo fomu. Jaki lilipatikana kabla sijatoka getini. Ukishasaini na kuondoka, kila mchubuko ni wa kwako.

Kama gari lako ni otomatiki au linavuta magurudumu yote manne, uliza lilivutwaje. Likiburutwa na magurudumu yanayovuta yanazunguka chini, gia boksi inaweza kuharibika na usijue mpaka kesho yake. Ukiambiwa lilibebwa juu ya lori bapa, shukuru. Angalia oili chini ya gari, jaribu breki ukiwa bado ndani ya yadi, na nenda na waya za kuamshia betri maana likikaa muda betri inalala, hasa kama waliacha taa za hazadi zinawaka usiku ule.

Na kuna gari halifai kutolewa. Najua inauma kusikia, ila kama ni kuukuu na limekaa muda, jumlisha ada zote mpaka leo, weka na matengenezo, linganisha na bei ambayo mtu angelinunua leo hii, sio bei uliyonunulia. Ada zikizidi, hilo gari si lako tena kwa hesabu, liko kwa jina tu. Shida ni kwamba ukinyamaza haliishi, yadi inatoa notisi, muda ukipita linapelekwa mnadani, na kama mnada haukufidia deni sehemu nyingi wanakudai kilichobaki. Kwa hiyo nenda mapema uwaambie hulitaki, wengi wanakubali uwaachie gari deni lifutwe, ila wape kwa maandishi, chukua vitu vyako vyote ndani, ng'oa namba kama sheria ya kwenu inataka zirudishwe, kisha upeleke kopi kwa wasajili wa magari ili jina lako litoke, usije ukaletewa faini za mwenye gari mpya.