Kabla Hujampa Fundi Simu Iliyogoma Kuwasha Wi-Fi

Juzi usiku, saa nne kasoro, uliingia ujumbe wa msomaji mmoja wa Mbagala: "Dada shikamoo. Wi-Fi ya simu yangu imegoma kuwaka. Nikibonyeza inasogea kidogo halafu inajizima. Fundi kasema nimpelekee kesho saa tatu asubuhi aiflashi, elfu arobaini. Nimpe?" Kuflashi ni kufuta kila kitu kwenye simu na kuiwekea sistimu upya. Nilikuwa nakoroga krimu ya keki ya kipaimara. Niliiacha, nikanawa mikono, nikampigia. Nikamwambia asimpe mtu yeyote ile simu mpaka tumalize kuongea, na kwamba nitaandika kila kitu hapa, kwa sababu yaliyonipata mimi sitaki yampate mwanamke mwingine anayejitafutia.

Kile kitufe nakijua. Kinavyoteleza kwenda kulia, kinavyosita, kinavyorudi. Changu kiligoma Desemba ya mwaka juzi, mwezi ambao mpika keki wa Tabata kama mimi halali. Wateja wangu wote wako kwenye simu. Oda zinaingia WhatsApp, picha napandisha Instagram, malipo yanaingia kwa namba ileile. Nanyi mnaonisoma hapa wengi ni wenzangu, mnauza vitenge, sabuni za maji, chapati za oda, na mnatamani siku moja mfungue duka lenye jina lenu mlangoni. Kwa sasa duka letu ni hili tunaloweka mfukoni. Likifungwa siku moja, tumelala njaa siku mbili.

Nilivyoiua ile simu nimekuja kuelewa baadaye. Nilikuwa najirekodi nikipamba keki, na sehemu yenye mwanga mzuri jikoni kwangu iko pembeni ya oveni. Naiegemeza kwenye kopo la bekingi pauda, iko kwenye chaja, inarekodi saa nzima, oveni iko nyuzi 180 hatua moja kutoka hapo, na nje ni joto la Desemba la Dar mnalolijua. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike mahali penye joto la nyuzi 0 hadi 35. Yangu haikuwa iPhone, lakini joto halichagui jina la simu. Mara kadhaa iliniandikia kwenye kioo kwamba imepata moto, nikaipepea kwa mfuniko wa ndoo, nikaendelea kurekodi.

Dalili zilianza kidogokidogo. Wi-Fi inakatika, nazima simu, nawasha, inarudi. Wiki iliyofuata inarudi ikiwa imepoa tu. Halafu siku moja ikagoma kabisa, na spika yangu ya Bluetooth nayo ikawa haishiki. Sikushtuka. Nikasema bando lipo, nitatumia bando mpaka sikukuu zipite. Nikanunua bando, oda zikaendelea kuingia, nikasahau.

Hapo ndipo hasara yangu ilipoanzia, na mafundi wengi hawakwambii. WhatsApp ikihifadhi nakala ya mazungumzo yako kwenye Google, kwa kawaida husubiri Wi-Fi. Programu ya Picha za Google nayo, usipoiruhusu kutumia bando, husubiri Wi-Fi. Kwa hiyo tangu siku Wi-Fi yangu ilipokufa, hakuna kitu kilichopanda. Wiki tatu nzima nilikuwa natembea nikiamini kila kitu changu kiko salama Google, kumbe kiko ndani ya ile simu peke yake.

Na wakati ule nilikuwa katibu wa kikoba. Tulikuwa wanawake 22, kila Jumapili elfu kumi. Daftari letu lilikuwa limejaa, tukakubaliana jipya tulinunue Januari, kwa hiyo Jumapili tatu za Desemba niliandika michango kwenye simu. Nani katoa, nani kadaiwa, nani katuma kwa simu, nani kaleta taslimu. Fedha zenyewe nilikabidhi kwa mweka hazina zikaingia kwenye sanduku.

Siku mbili kabla ya Krismasi nikapanda daladala ya Kariakoo. Fundi niliyemwendea, upande wa Mtaa wa Aggrey, aliishika simu kwa sekunde chache tu. "Hii sistimu imechanganyikiwa, mama. Naipiga flashi, nusu saa unaondoka." Nikamuuliza, picha zangu je? Akasema, "Zipo Google, mama, utazikuta." Nikatoa elfu thelathini na tano. Siwezi kusema alinidanganya, maana hata mimi niliamini hivyohivyo. Lakini hakuuliza kama nimehakikisha. Hakuuliza Bluetooth inawaka au haiwaki. Hakuuliza chochote.

Simu ikarudi tupu kama imetoka dukani, na Wi-Fi bado haiwaki. Akaona aibu kidogo, akafungua mgongo, akaichoma bodi kwa blowa, ile mashine ya hewa ya moto, Wi-Fi ikawaka! Nilifurahi mpaka nikamwachia buku mbili ya soda. Siku ya pili yake, nikiwa Tabata, Wi-Fi ikazima tena, na haijawahi kuwaka mpaka leo.

Yaliyotokea kwenye kikoba nitayasema kwa kifupi kwa sababu bado yananiuma. Sanduku lilipofunguliwa Januari, michango ya Jumapili zile tatu ilitakiwa iwe 660,000. Ilikuwa 610,000. Michango mitano haikutolewa, na orodha ya kuonyesha ni nani haikuwepo. Kila mmoja akasema yeye alitoa. Nilikwenda kampuni ya simu nikapewa taarifa ya miamala, ikanisaidia kwa waliotuma kwa simu. Waliodai kuleta taslimu, sina cha kuwaonyesha. Mmoja akasema mbele za watu, mbele ya mama mwenyekiti, "Simu haiharibikagi hivihivi mwisho wa mwaka." Nikatoa elfu hamsini zangu nikafidia, nikaacha ukatibu. Mama yule tunasali kanisa moja. Salamu tunapeana.

Aliyenifungua macho ni fundi kijana wa hapahapa mtaani kwetu, nilimfuata Februari nikiwa nimeshakata tamaa. Hakushika bisibisi. Aliingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, akanionyesha mstari ulioandikwa anwani ya MAC ya Wi-Fi. Pale ilitakiwa kuwe na herufi na tarakimu 12 zilizogawanywa mbilimbili, ambazo kila simu inazo zake. Yangu ilikuwa imeandikwa 02:00:00:00:00:00. "Hii si anwani ya simu yako, dada," akasema. "Hiki ni kijazio tu. Sistimu inaiuliza chipu jina lake, chipu haijibu." Akajaribu Bluetooth, ikagoma. Akanieleza kwamba kwenye simu nyingi Wi-Fi na Bluetooth zinatoka kwenye chipu moja, na zikifa zote mbili kwa pamoja, tatizo liko kwenye bodi. Risasi inayoishikiza chipu kwenye bodi, ikipashwa moto na kupoa mara nyingi, huwa inaachia au inapata ufa. Blowa inaiyeyusha tena ikashika kwa siku mbili, halafu inaachia. Kuflashi hakuwezi kuunganisha risasi.

Dakika tano. Angenionyesha mtu hivyo Desemba, orodha yangu ingekuwepo.

Kwa hiyo, wewe ambaye kitufe chako kimegoma leo, jambo la kwanza kabisa acha Wi-Fi kama ilivyo. Hifadhi vitu vyako. Nunua bando kubwa hata kama linauma, ingia WhatsApp kwenye sehemu ya kuhifadhi nakala uiruhusu itumie bando, ingia kwenye Picha za Google ufanye hivyohivyo, kisha subiri uone imeandika kwamba imekamilika. Huna bando? Tumia waya, chomeka simu kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini unakili picha zote. Orodha za fedha ziandike kwenye karatasi kwa mkono wako. Sijali mwandiko wako ukoje.

Ukishamaliza hilo ndipo uanze kupima. Hakikisha hali ya ndege na kiokoa betri vimezimwa. Izime simu kabisa, iache dakika chache ipoe, uiwashe. Jaribu Bluetooth. Angalia anwani ya MAC. Kuna simu ambazo anwani hiyo hujificha Wi-Fi ikiwa imezimwa, kwa hiyo usihukumu kwa dalili hiyo peke yake, iangalie pamoja na Bluetooth. Kwenye iPhone utaikuta sehemu ya Jumla, halafu Kuhusu, na kitufe kilichokufa pale huwa cha kijivu, hakibonyezeki. Bluetooth ikiwaka na anwani ikionekana, una matumaini makubwa kwamba ni mambo ya programu. Hapo rudisha upya mipangilio ya mtandao. Picha hazifutiki, namba za watu hazifutiki. Kinachofutika ni nywila za Wi-Fi ulizowahi kuunganisha, vifaa vya Bluetooth, na mipangilio ya bando, kwa hiyo iulize kwanza nywila ya nyumbani kwako. Ikishindikana, iwashe simu kwenye hali salama, ile inayozima programu zote ulizopakua mwenyewe. Sasisho la mfumo kama lipo, liweke. Mengi ya haya mnayajua, sitayarefusha.

Ila usiiweke kwenye friji. Shoga yangu mmoja alinishauri hivyo, alikuwa ameona watu mtandaoni wanafanya. Ni kweli simu ikipoa chipu iliyoachia inaweza kushika kwa muda, lakini hewa ya Dar ina unyevu. Itoe kwenye friza uone inavyotoa jasho kama chupa ya soda, na jasho hilo liko mpaka ndani kwenye bodi. Utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Ukigundua ni bodi, muulize fundi maswali kabla hujatoa fedha. Utabadilisha chipu au utaichoma tu? Ikizima wiki ijayo, nani analipa? Yule kijana wa Tabata aliniambia ukweli kwamba kubadilisha chipu ni elfu sitini na hawezi kuniahidi itadumu, na simu yenyewe kwa hali yake haiuziki hata laki na themanini. Sikuitengeneza. Niliitumia kwa bando miezi saba nikidunduliza nyingine. Hotspoti, ile ya kugawia vifaa vingine bando kwa Wi-Fi, haikufanya kazi, kwa sababu inatoka kwenye chipu ileile ya Wi-Fi, lakini bando niliweza kulipeleka kwenye kompyuta kwa waya wa chaja. Nilifungia oda kubwa kuliko zote za mwaka ule, keki ya harusi ya ngazi tano, nikiwa na simu isiyo na Wi-Fi. Hilo najivunia na nitaendelea kujivunia.

Na kama fundi anasisitiza kuflashi, piga *#06# mbele yake, uandike namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu yako, tarakimu 15. Akimaliza piga tena, ulinganishe. Simu iliyoflashiwa vibaya inaweza kupoteza namba hiyo. Wenye kumbukumbu mnajua TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu bandia Juni 2016, ni watu wangapi waliamka na simu isiyopiga kwa sababu ya IMEI. Siyo namba ya kuchezea.

Wanawake wenzangu, na nyie kaka zangu mnaosoma kimyakimya, tuache kuwakabidhi watu maisha yetu halafu tunakaa kwenye benchi tunakunywa soda. Unampa mtu simu yenye picha za watoto, madeni ya wateja, siri za ndoa yako, na hujui hata anakwenda kufanya nini. Ungempa mtu usiyemjua mkoba wako hivyo? Uliza. Fundi mzuri anapenda kuulizwa. Anayekasirika ukimuuliza, chukua simu yako uondoke, Kariakoo ina mafundi wengi. Nasema kwa uchungu kwa sababu mimi sikuuliza, na nililipa kwa jina langu.

Sasa yule dada wa Mbagala. Nilimwambia kwanza ahifadhi, akakaa na bando lake mpaka saa sita kasoro. Akanitumia picha ya kioo, anwani ya MAC ipo, kamili, zote 12. Bluetooth inawaka. Nikajua chipu iko hai. Tukarudisha mipangilio ya mtandao, Wi-Fi ikawaka, ikajizima. Tukaingia hali salama, ikawaka, tukangoja. Ikabaki inawaka. Nikamuuliza karibuni alipakua nini. Akasema ana programu moja ya kuokoa betri, mdogo wake alimwekea. Simu yake ni ya zamani; kuanzia Android 10 ya mwaka 2019, Google waliwabana watengenezaji programu wasizime na kuwasha Wi-Fi ovyo, lakini yake iko chini ya hapo. Tukaifuta ile programu, akazima simu, akawasha kawaida.

Saa saba na dakika kumi usiku aliniandikia neno moja, "Imewaka." Asubuhi akampigia fundi kumwambia haji tena. Krimu yangu ilikuwa imeshayeyuka, nikapiga nyingine.