Usaha Tumboni: Mpira Utatosha?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 8 alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo kilichokuwa kimepasuka. Tuliporudi nyumbani homa ikapanda tena, akaanza kuharisha kidogo kidogo. Altrasaundi imeonyesha usaha umejikusanya chini ya kitovu. Wanasema hawampasui tena, watamwekea mpira mwembamba wa kutolea usaha huku wakiangalia kwenye skrini. Kweli utatoka wote kwa tundu dogo hivyo? – Mama mwenye hofu

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Ndiyo, mara nyingi unatoka, na mimi ningekuwa na mtoto huyo ningekubali. Jipu lisilofika sentimita 3 huwa tunaliachia dawa zilimalize. Likizidi hapo, antibiotiki peke yake hulemewa.

Atalazwa usingizi, kwa sababu mtoto anayerukaruka hachomwi sindano jirani na utumbo. Kwa hiyo asile kwa saa 6 kabla, na tafadhali usimpe maziwa kwa kumwonea huruma. Altrasaundi haina mionzi. CT, yaani picha za eksirei za kompyuta, tunaikimbilia pale gesi ya utumbo inapoziba picha. Kwenye skrini sindano huonekana kama mstari mweupe unaoingia kwenye doa jeusi. Usaha ukivutika, kiasi kidogo hupelekwa maabara ili ijulikane dawa gani inaua wadudu hao. Kisha waya mwembamba unapitishwa ndani ya sindano, sindano inatolewa, na mpira unateleza juu ya waya. Ncha ya mpira hujikunja mduara ndani, ikashikiliwa na uzi ili usichomoke. Mpira wa namba 10 una unene wa milimita 3 na kidogo, na kwa kawaida usaha unapita humo.

Shida huanzia wodini. Mpira husafishwa kwa maji ya chumvi, na kinachotoka hupimwa na kuandikwa kila siku. Ukikauka ghafla na homa bado ipo, usishangilie: huenda umeziba au umejipinda chini ya mgongo wa mtoto. Kikianza kutoka kitu cha kijani au chenye harufu ya choo, mwite daktari saa hiyo hiyo, utumbo unaweza kuwa unavuja.

Mpira hutolewa homa ikishakata na majimaji yakishuka chini ya mililita 10 hivi kwa siku. Wengi wetu hurudia altrasaundi kwanza. Siku hiyo uliza kama ule uzi wa ndani umeachiwa kabla ya kuvuta. Muuguzi mzoefu hatakasirika.