Maswali ya Wasomaji: Je, Mchoraji Alimwona Columbus?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kitabu cha historia nimeona mchoro wa Christopher Columbus akishuka pwani, huku wenyeji wakimpelekea vitu vya dhahabu. Je, aliyeuchora alikuwapo, na tunaweza kuutegemea kama ushahidi?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuwapo, wala hakuwahi kuvuka Bahari ya Atlantiki maishani mwake. Mchoro unaousema bila shaka ni wa Theodor de Bry, mzaliwa wa Liège aliyehamia Frankfurt, nao ulichapishwa mwaka 1594, yaani miaka 102 baada ya Columbus kutia nanga. Utazame tena kwa makini: vyombo walivyobeba wenyeji vina umbo la kazi za masonara wa Ulaya, na si ajabu, kwa kuwa de Bry mwenyewe alifunzwa usonara kabla ya kujipatia jina kwa kuchonga picha katika mabamba ya shaba.

Hata hivyo, si kila mchoro wake umetoka kichwani tu. Ile ya Virginia, katika pwani ya Amerika Kaskazini, iliyotoka katika kitabu cha mwaka 1590, aliinakili kutoka picha za rangi za John White, Mwingereza aliyefika kisiwa cha Roanoke huko mwaka 1585 na kuwachora wenyeji akiwa miongoni mwao. Picha hizo zimehifadhiwa British Museum jijini London, kwa hiyo tunaweza kuziweka kando ya michoro ya de Bry na kuona kilichobadilishwa. Mimi hupenda kumtazama mama wa kijiji cha Pomeiooc na bintiye. White alimchora mtoto ameshika mwanasesere wa Kiingereza, na nyuma yao akaacha karatasi tupu; de Bry alimwachia mwanasesere wake, akamtia kichezeo cha kutikisa katika mkono wa pili, akajaza mandhari nyuma yao, na miili akaiumba upya kwa mfano wa sanamu za kale za Kirumi. Kwa hiyo mavazi na chale za mwilini zina uzito fulani wa ushahidi, lakini sura na maungo ni ya Ulaya zaidi.

Mwishoni mwa kitabu hichohicho cha 1590 de Bry aliweka picha za Wapikti, wakazi wa kale wa kaskazini mwa kisiwa cha Britania, wakiwa uchi na miili iliyopakwa rangi, akaeleza waziwazi kwamba zimewekwa kuonyesha kuwa watu wa kisiwa hicho nao walikuwa zamani washenzi sawa na wale wa Virginia.