Paneli za sola juu ya gari la kulala safarini: gundi au skrubu?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina gari la safari lenye vitanda na jiko ndani, na paa lake ni la faibaglasi. Nataka kuweka juu yake paneli mbili za wati 200. Fundi wa kwanza kanishauri nizibandike kwa gundi tu, nisitoboe paa hata kidogo. Wa pili kaapa kwamba bila skrubu zitang'oka barabarani. Nimsikilize nani? Na je, niziinamishe kidogo zipate jua vizuri, au nizilaze?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Mafundi wako wote wawili wamekimbilia jibu. Mimi ningeanza kwa kuuliza: chini ya hiyo faibaglasi kuna nini?

Paa la namna hiyo kwa kawaida ni la tabaka. Juu kuna ganda jembamba, mara nyingi milimita mbili au tatu, kisha povu gumu au plaiwudi, kisha ganda la ndani. Skrubu inayopita kwenye ganda na kuishia kwenye povu haina inachokishika. Utaikaza, utaiona imetulia, halafu mtikisiko wa barabara utaipanulia tundu na maji yatapata njia. Fungua fremu ya ndani ya kile kidirisha cha hewa cha darini. Hapo ukingo wa paa huonekana wazi pamoja na tabaka zake. Wengine hugonga paa kwa kidole na kusikiliza. Husaidia, ila sikio hudanganya.

Tuje kwenye upepo, maana ndio uliomtia hofu fundi wa pili. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, msukumo wa hewa ni takriban newtoni 470 kwa kila mita ya mraba, yaani kama uzito wa kilo 48. Kwenye kilomita 50 msukumo huo hubaki robo tu, kwa sababu hupanda kwa mraba wa mwendo. Paneli ya wati 200 ina eneo la kama mita moja ya mraba, na ina kilo 10 hadi 12. Chukulia una breketi nne pana, kila moja ikigusa paa kwa sentimita za mraba 150. Gundi ya poliurethani ya kuungia mabodi ya magari, hata ukiihesabia newtoni 0.1 tu kwa kila milimita ya mraba, ambayo ni sehemu ndogo ya uwezo wake, inakupa newtoni 6,000. Kwa hesabu hiyo fundi wa kwanza yuko sawa. Kwenye ganda la faibaglasi, gundi iliyosambaa inashika vizuri kuliko skrubu chache zilizochoma povu.

Lakini gundi hushika kile tu ilichogusa. Ingekuwa paa lako limefunikwa utando wa mpira, ningekwambia kinyume kabisa: utando wenyewe umebandikwa juu ya plaiwudi, na upepo ungeuinua pamoja na paneli. Huko lazima skrubu zifike kwenye mbao, kila moja ikiwa na utepe wa butili, yaani mpira laini unaonata na kuzuia maji, chini ya breketi na kizibo cha maji kinachopatana na mpira ule juu yake.

Faibaglasi nayo ina hila yake. Pitisha kitambaa cheusi juu ya paa. Kikitoka na unga mweupe, rangi ya juu imechakaa, na ukibandika hapo utakuwa umebandika kwenye vumbi. Sugua kwa msasa laini mpaka uone uso mzima, futa kwa alkoholi ya isopropili, subiri ikauke. Soma maelezo ya gundi uone kama inadai praima, yaani dawa ya kupaka kwanza ili gundi ishike. Pitisha mistari ya gundi kuelekea mbele na nyuma ya gari, ukiacha nafasi kati ya mstari na mstari, kwa sababu poliurethani hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa. Usiikandamize mpaka ibaki nyembamba kama karatasi. Ikibaki na unene wa milimita tatu hivi ndipo inaponyumbuka paa na fremu vinapotanuka kwa joto. Ipe wiki nzima kabla ya barabara kuu. Na tafadhali, silikoni ya bafuni iache bafuni. Haikuundwa kubeba mzigo, na ikishapakwa, karibu hakuna gundi nyingine itakayoshika juu ya mabaki yake.

Kinachoshinda gundi kwa urahisi ni kubanduliwa kuanzia ukingoni, ndiyo maana breketi za mbele ni muhimu kuliko za nyuma. Kama chini yake kuna mbao, ongeza hapo skrubu za chuma kisichoshika kutu, zilizozungushiwa gundi. Kama ni povu tupu, funga waya wa usalama kutoka kwenye fremu hadi sehemu ngumu ya gari.

Kuhusu kuinamisha: zilaze. Ukingo wa mbele ukiinuka, paneli inakuwa ubawa. Kama unataka mwinamo, weka miguu ya kukunja utakayoinua gari likiwa limesimama tu. Acha sentimita tatu hivi chini ya paneli hewa ipite, kwa sababu kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 hupunguza nguvu kwa asilimia 0.3 hadi 0.4, paneli yenye nyuzi 65 imeshapoteza zaidi ya asilimia 10. Ziweke pia mbali na kivuli cha kiyoyozi na antena. Kivuli cha seli moja huangusha kundi zima la seli zilizoungwa nayo kwa mfululizo.

Nyaya ziingie kupitia kisanduku kisichopitisha maji, na fyuzi ikae karibu na betri. Unganisha betri kwenye kidhibiti chaji, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia betrini, kwanza; paneli baadaye. Ukimaliza, pima upya urefu wa gari na uuandike pale dereva anapouona, kwa ajili ya madaraja na maegesho yenye dari.