AC inamwaga maji ndani ya gari: anza na mpira wa kutolea maji

Pole sana ndugu yangu. Umesema kapeti ya upande wa abiria inalowa kila ukiwasha AC, na chini ya gari hakudondoki kitu. Jibu liko hapo hapo. Kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, AC nzima lazima idondoshe maji chini. Yasipotoka, mara nyingi mpira wa kutolea maji umeziba kwa vumbi na majani, nayo yanarudi ndani.

Kwanza chovya kidole kwenye maji ya kapeti. Yakiwa na rangi, utelezi au harufu tamu, hiyo ni kulanti (maji ya kupozea injini) inayovuja kwenye hita: usiionje, na muone fundi leo hii, maana injini inaweza kuchemsha.

Yakiwa maji safi, zima gari lipoe, utafute mpira huo kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Puliza upepo mdogo mdogo. Langu lilitoa tope, kisha maji yakamwagika kama bomba. Waya mgumu usichomeke kabisa. Ukitoboa kipozeo, yaani sehemu ya AC inayopoza hewa, gesi yote ya AC inaondoka. Ukiingia chini ya gari, weka stendi, usitegemee jeki.

Kapeti ing'oe uianike, bati la chini lisishike kutu.