Usonji ukubwani: kabla hujaenda kupigwa MRI, soma hii

Wengi mnajua niliambiwa nina usonji (autism) nikiwa mtu mzima tayari, hapa London, na kwamba baadaye nilijitolea kwenye utafiti wa picha za ubongo. Sasa inbox swali ni lilelile, na mimi nikapige MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo, nijue kama ninao? Hapana, usiende. Nasema hivyo kwa sababu naona watu wanajichanga wakalipie hospitali binafsi kipimo ambacho hakitawajibu, na inaniuma.

Habari hii ilivuma sana 2010. Watafiti wa King's College London walichukua wanaume 20 wenye usonji na 20 wasio nao, wakawapiga picha za ubongo, kompyuta ikafundishwa kuwatofautisha, ikawatambua sawasawa wenye usonji kwa 90% na wasio nao kwa 80%, magazeti yakaandika kipimo cha dakika 15 kimepatikana. Kazi nzuri, siibezi hata kidogo. Ila hebu piga hesabu kidogo: chukua watu 1000 wa mtaani, tuseme 10 wana usonji. Kipimo kitawakamata 9. Kwenye wale 990 wasio nao kitawasingizia 198! Yaani ukiambiwa unao, bado uwezekano mkubwa ni kwamba huna. Na picha zilipokusanywa kutoka vituo vingi, kama ule mkusanyiko wa picha za watafiti uitwao ABIDE wa 2012 wenye watu 1112 kutoka vituo 17, kompyuta zikaanza kukosea zaidi, maana mashine zinatofautiana na bongo zetu ndo usiseme. Mwongozo wa NICE, taasisi inayowapa madaktari wa hapa Uingereza miongozo ya tiba, wa 2012 huohuo, unasema picha za ubongo zisitumike kama kipimo cha kawaida cha usonji. Mimi jibu langu lilitoka kwenye mazungumzo marefu na wataalamu, wakauliza mpaka nilivyokuwa nacheza utotoni, kwa hiyo kama mama au shangazi yako yupo muulize mapema mambo ya udogo wako uyaandike.

Kujitolea kwenye utafiti ni kitu kingine, na hapo nakwambia nenda, hasa nyie akina dada maana tafiti nyingi za mwanzo zilijaa wanaume tu. Ila jiandae. Ile mashine inagonga, inakoroma, halafu inapiga mlio mmoja mkali mfululizo, na sisi ambao kelele zinatuumiza tunazisikia mara mbili. Tafuta sauti zake YouTube uzisikilize nyumbani kwanza, waulize kama wana mashine ya mfano ya kujizoezea kulala ndani, omba plagi za masikio na hedifoni vyote viwili. Kichwa kinawekwa ndani ya kitu kama kofia ya chuma ya pikipiki yenye kioo kidogo juu ya macho, na usikitikise, ukitikisika picha inaharibika. Ukiwa na rasta au wiving yenye klipu za chuma sema siku wanapokupigia simu kupanga miadi, sio ukishafika.

Kabla ya kusaini waulize wakikuta kitu kingine kichwani, uvimbe kwa mfano, watakwambia au la, na daktari gani ataangalia. Ukiwa ndani utapewa kimpira mkononi, kikikushinda kibinye wakutoe, na una haki ya kuacha hapohapo bila kumweleza mtu sababu.