Fundi Anajibu: Sarafu ya heshima kwa askari wa mji

Barua za mwezi huu zimeelekea upande mmoja, nami nimezipa ukurasa mzima. Waliouliza mambo ya vidani na pete za harusi wanivumilie hadi toleo lijalo.

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Sisi ni kamati ya wafanyabiashara wa Malindi: wenye maduka, wauza samaki na madereva wa tuktuk. Tunataka kuwaenzi askari polisi wa mji wetu kwa sarafu za ukumbusho. Kijana wetu aishiye Marekani alikuja likizo na sarafu ya polisi wa Chicago, nzito, yenye rangi, sote tukaipenda. Tumefikiria vipande 200, kila askari apate chake. Mbele iwe ngao ya taifa, nyuma sura ya mkuu wa kituo. Tuanzie wapi?
*Katibu wa kamati, Malindi*

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu katibu. Nia yenu imenifurahisha sana. Askari wa mji husikia jina lake likitajwa barazani siku aliyokosea, na siku aliyofanya kazi njema watu hunyamaza. Mnataka kuliondoa jambo hilo, na mimi niko pamoja nanyi. Lakini kabla hatujafika kwenye madini, naomba mpunguze hiyo 200.

Huko mlikoiona, desturi hii ilianzia jeshini. Mkuu humpa askari sarafu kiganjani wanapopeana mkono, kwa kazi fulani aliyoifanya. Polisi wa miji wakaichukua, na leo vitengo vingi vina sarafu zao; wengine huzikusanya na kubadilishana. Hizo si pesa. Za serikali ya Marekani ni nyingine: mwaka 1997 kiwanda chao cha sarafu kilipiga dola ya fedha kwa ajili ya ukumbusho wa polisi waliofia kazini, ulioko Washington, na mwaka 2021 wakatoa nyingine za dhahabu, za fedha na za nusu dola. Zile ni pesa halali zilizopitishwa na bunge lao. Sarafu ya kamati kama yenu haina bunge nyuma yake. Thamani yake yote inatoka kwenye sababu iliyomfanya mtu apewe.

Sisi watu wa pwani tunajua kutuza. Mcheza kwao hutuzwa, na anayetuzwa ngomani anatuzwa mbele ya watu, kila mmoja akiona ametuzwa kwa mchezo gani. Mkigawa vipande 200 kwa orodha ya mishahara, aliyekesha na aliyelala watatoka na kitu kilekile, na aliyekesha ndiye atakayeumia. Kaeni na wazee wa mitaa, akina mama wa sokoni na vijana wa bodaboda. Waulizeni: nani alisimama usiku kucha penye daraja la Sabaki maji yalipojaa? Nani alimrudisha mtoto aliyepotea sokoni, akakaa naye hadi mamake akafika? Nani aliandika taarifa ya mwanamke aliyepigwa nyumbani bila kumwambia arudi kesho? Mkipata askari 12, tengenezeni 12. Mwakani mtapata wengine.

Najua lipo jina moja litakalotajwa kwenye kikao chenu, nalo ni Shakahola. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, na wapo askari walioshika koleo na kubeba waliofukuliwa. Wanastahili kukumbukwa. Ila waulizeni kwanza jamaa za marehemu, kwa upole na ana kwa ana, kwa sababu msiba ni wao kabla haujawa kazi ya mtu yeyote. Wakikubali, sarafu hiyo isichorwe picha yoyote. Si msitu, si kaburi. Jina la askari na mwaka vinatosha.

Sasa hiyo ngao. Msiitumie kabla ya kupata ruhusa ya maandishi. Nembo ya Jamhuri inalindwa na Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99. Alama za polisi nazo, pamoja na maneno yao “Utumishi kwa Wote”, ombeni kwa barua kupitia kituo chenu. Tena msiandike “shilingi” wala tarakimu inayofanana na thamani, kwa sababu kutoa sarafu za nchi ni kazi ya Benki Kuu ya Kenya. Kwa sababu hiyohiyo msimchore twiga, ingawa najua mtamtaka: Malindi ndiyo iliyopeleka twiga kwa mfalme wa China, akafika huko mwaka 1415. Twiga yuko tayari kwenye shilingi moja iliyotoka Desemba 2018, na sarafu yenu ikifanana na pesa itawaletea maswali.

Sura ya mkuu wa kituo, hapana. Sarafu ya shilingi 40 ya mwaka 2003 ilikuwa na sura ya Rais Mwai Kibaki. Baadaye Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ikakataza sura ya mtu kwenye noti na sarafu za nchi. Katazo hilo ni la pesa, haliwafungi ninyi. Ila nalipenda na ningelifuata. Mkuu wa kituo huhamishwa, na askari aliyetuzwa atabaki na sura ya bosi wake wa zamani. Mchoreni jahazi, au mtaa wenyewe ambapo kazi ilifanyika.

Upande wa pili wekeni maandishi, nayo myatungie kikao chake peke yake. “Kwa utumishi uliotukuka” haimwambii mtu kitu. “Alimtoa mtoto majini, Sabaki” inamwambia hata mjukuu wake ambaye hajazaliwa. Maneno machache, herufi kubwa. Herufi iliyo chini ya milimita 2 kwenye kazi ya kusubu, yaani kumimina madini yaliyoyeyushwa ndani ya kalibu (umbo lake), hujaa madini ikasomeka kama doa.

Kuhusu ukubwa, za Marekani nyingi ni milimita 44 hadi 50 kwa upana na milimita 3 kwa unene, na kipimo hicho kinakaa vizuri kiganjani. Ya milimita 44 ikiwa ya shaba ya manjano huwa na gramu zisizozidi 39. Viwanda vingi huuza ya mchanganyiko wa zinki, kwa sababu huyeyuka karibu na nyuzi 400 ilhali shaba ya manjano hupita 900, basi kazi ni rahisi na kalibu hudumu. Lakini ya zinki itashuka hadi gramu 30, na ukiigonga mezani haitoi mlio. Mimi nachagua shaba. Fedha ni nzuri zaidi, ila kipande kimoja cha kipimo hicho kitakula gramu 48 hivi, zaidi ya tola nne, na mkizidisha kwa 12 mtaona wenyewe. Tena zawadi ikiwa ghali mno inamtia askari mashakani, kama mtakavyosoma hapa chini.

Kiwandani huchongwa muhuri wa chuma kigumu, kisha shaba hupigwa kwa mashine. Muhuri hulipiwa peke yake, na wengi hawakubali kazi chini ya vipande 50 au 100. Muhuri mmoja hutoa sura moja, hivyo mkienda huko waambieni waache nafasi tupu nyuma, majina yachongwe baadaye kimoja kimoja. Nimeona watu wakisahau jambo hili na kubaki na mzigo wa sarafu zisizo na pa kuandika jina.

Kwa vipande 12 msihangaike na muhuri. Fanyeni kwa nta. Siwa ya Lamu, lile baragumu kubwa la shaba, ilisubiwa kwa njia hiyo: umbo huchongwa kwa nta, hufunikwa kwa udongo, udongo huchomwa nta ikayeyuka na kutoka, na shaba humiminwa mahali ilipokuwa nta. Kila kipande kina nta yake, kwa hiyo kila kipande kinaweza kuwa na jina na tendo lake tangu mwanzo. Kazi ni ya polepole. Ulizieni mafundi wa kusubu Lamu na Mombasa. Na siwa ilipulizwa kwa heshima tu. Napenda sarafu ya heshima izaliwe kwa njia ileile.

SWALI: Fundi, hujambo? Mume wangu alikuwa koplo, aliuawa kazini upande wa Kiunga. Wenzake wanataka kutengeneza sarafu yenye picha yake, wagawane, na nyingine waziuze ili kuchanga karo ya watoto. Wananipenda na nawashukuru, lakini moyo wangu hauna raha na sijui niseme nini.
*Mjane, Langoni, Lamu*

JIBU: Dada yangu, pole sana. Mungu amrehemu mume wako na akupe nguvu wewe na watoto.

Moyo wako umekwisha kukujibu, na una haki ya kusikilizwa. Sarafu ya marehemu haifanywi mpaka watu wa nyumbani kwake waridhie, na kuridhia hakuna haraka. Waambie hivyo, au mtume kakako mkubwa au mjomba wa watoto akaseme kwa niaba yako. Wenzake ni watu wa nidhamu, wataelewa.

Ukipenda wafanye, wafanye kidogo. Kimoja chako, kimoja kwa kila mtoto, kimoja kwa mamake ikiwa yuko hai, na kimoja kwa kila aliyekuwa naye siku ile. Jina liandikwe kama alivyoitwa nyumbani na kazini, na cheo chake, na mwaka. Picha ya uso mimi singeiweka. Kwenye shaba ya upana wa milimita 44 ni rahisi uso wa mtu usifanane naye, na mtoto akakua akikumbuka uso ule badala ya uso wa babake.

Za kuuza, kataa. Jina lake likiwa bidhaa litafika kwa watu wasiomjua, litazungushwa kwenye vijiwe na kupigiwa bei. Karo ni jambo jingine, na ni la lazima. Wafanye mchango wa wazi, wenye mweka hazina na stakabadhi, pesa ziingie kwenye akaunti ya shule. Pamoja na hayo, fuatilia mafao yake hadi mwisho. Nenda na mtu anayejua kusoma makaratasi, na kila barua unayopeleka ipigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala.

SWALI: Mzee, shikamoo. Mimi ni konstebo Malindi. Mwenye hoteli moja amenipa sarafu ya ukumbusho iliyochovywa dhahabu, yenye jina langu, kwa sababu nilimkamata mwizi aliyewaibia wageni wake. Je, niichukue?
*Askari*

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kazi. Kwanza jiulize kama mtu huyo ana kesi, leseni au malalamiko yanayopita mezani kwako. Kama yapo, irudishe leo kwa maneno mazuri. Sheria za maadili haziruhusu mtumishi wa umma kupokea kitu kwa mtu mwenye jambo mbele yake, na dhahabu ya kuchovya haibadilishi hilo.

Kama hayapo, usiiweke mfukoni kimya kimya. Mwandikie mkuu wako: nani amekupa, lini, kwa sababu gani. Katiba, kifungu cha 76, inasema zawadi anayopewa afisa wa Serikali kwenye hafla ya umma ni zawadi kwa Jamhuri. Wewe konstebo hukufikia cheo kinachotajwa pale, lakini roho ya kifungu hicho inakuhusu: kilichopokelewa kwa ajili ya kazi ya umma kijulikane na umma. Mwombe mwenye hoteli akukabidhi kituoni, mbele ya mkuu wako na wenzako. Akikataa kuitoa mbele ya watu, umeshajua alitaka nini.

Ndiyo maana nawahimiza watu wa Malindi watoe zao kwa kamati, hadharani, kwa jina la mji. Askari aliyetuzwa na mji mzima hadaiwi na mtu mmoja.

SWALI: Sarafu ya shaba ya babangu, askari mstaafu, imeota ukijani. Nifanyeje?
*Msomaji, Shela, Lamu*

JIBU: Huo ni upepo wa chumvi. Kama ni shaba tupu, isiyo na rangi, paka ukwaju uliolowekwa, sugua kwa kidole, suuza kwa maji ya mvua. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na yataurudisha ukijani. Ikaushe kabisa, kisha ipake nta ya nyuki nyembamba na uifute kwa kitambaa. Kama ina rangi au imetiwa weusi kwenye mabonde ya nakshi, usiguse ukwaju wala ndimu, utaondoa kazi ya fundi. Tumia maji na sabuni tu. Ikiwa ya fedha, usiifunge kwa mpira, maana mpira una kiberiti (salfa), na kiberiti hicho ndicho kinachoifanya fedha kuwa nyeusi. Na ile mifuko laini ya plastiki wanayouzia sarafu itupe; tumia kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato.